Mapunye ya mtoto: griseofulvini, terbinafini au dawa ya kupaka?

Jumamosi ndiyo siku ya vichwa. Shule hakuna, kinyozi ameshapita na mashine yake, na kilichokuwa kimefichwa na nywele sasa kiko hadharani. Mama anaingia dukani amemshika mwanawe kisogo, anamwinamisha chini ya taa ya kaunta. Duara moja liko juu ya sikio la kushoto, pana kama kizibo cha soda, lina unga wa kijivu, na nywele zake zimekatika kama mabua ya mahindi baada ya mavuno. Jingine dogo liko utosini, ndiyo kwanza linaanza.

"Dokta, nipe ile ya fangasi."

Mimi si daktari, ni mfamasia, ila kaunta ilishanibatiza jina hilo zamani. "Ile ipi, mama? Ziko nyingi."

"Ile inayofanya kazi."

Kumbe swali lenyewe ndilo hilo. Mzazi wa mtoto mwenye mapunye (Kenya watasema mashilingi) hukwama kati ya njia tatu: griseofulvini ya kumeza, terbinafini ya kumeza, au dawa za kupaka na shampuu. Ya kwanza ilitoka kwa ukungu, ule ule wa kuota kwenye udongo na nafaka. Ya pili ilitengenezwa na wanakemia. Ya tatu ni kundi lenye kila kitu ndani yake. Watu hupenda kuniuliza ipi ni "ya asili", kana kwamba hilo ndilo la kuamua. Mimi naangalia fangasi mwenyewe: ni yupi, na amejificha wapi.

Jambo dogo kabla hatujaendelea. Kwenye boksi majina haya huandikwa bila ile i ya mwisho, usije ukadhani umepewa kitu kingine. Na hizi mbili za kumeza ni dawa za cheti. Ninachoandika hapa ni cha kukusaidia uelewane na daktari wako, ujue cha kumuuliza na cha kumwambia.

Tunapima nini

Nina maswali manne, na nitayauliza kwa kila dawa bila upendeleo. Je, inafika pale alipo fangasi? Inamweza fangasi yupi na inamshindwa yupi? Mtoto ataimeza siku ngapi, na jumla vidonge vingapi? Ina hatari gani, na kwa nani?

Swali la kwanza ndilo zito, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Fangasi wa mapunye anakula keratini, yaani ile mali ghafi ya nywele, kucha na ngozi ya juu. Kichwani hatulii juu ya ngozi kama vumbi. Anashuka na unywele mpaka ndani ya kishimo chake. Hapo wanagawanyika makundi mawili. Kuna jamii ya Trichophyton, ambao wengi wao huingia ndani ya unywele wenyewe na kuujaza mbegu zao, hadi unakatikia usawa wa ngozi na kuacha vidoti vyeusi. Kuna Microsporum, ambao mbegu zao huuvalia unywele kwa nje kama koti. Unywele wa namna hiyo hukatika milimita chache juu ya ngozi, na duara linakuwa la kijivu lenye magamba.

Tofauti hii haina umuhimu wowote kwa mama aliyesimama kaunta, mpaka anapolipia dawa isiyomweza fangasi aliyempata mwanawe. Afrika Mashariki tunao wa makundi yote mawili. Trichophyton violaceum na Microsporum audouinii hupita toka mtoto hadi mtoto, kwa kitana, kofia, mto wa kulalia na mashine ya kinyozi. Microsporum canis hutoka kwa paka na mbwa. Hospitali yenye taa ya Wood inaweza kukupa jibu la haraka: chini ya mwanga wake nywele zenye Microsporum hawa hung'aa kijani, za violaceum hazing'ai. Zisizo na taa hukwangua magamba na vishina vya nywele, zikavitazama kwa hadubini.

Griseofulvini: ukungu dhidi ya ukungu

Hadithi yake inanipendeza kuliko ya dawa yoyote rafuni, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 1939, London, watafiti watatu walioitwa Oxford, Raistrick na Simonart waliitoa kwenye ukungu uitwao Penicillium griseofulvum. Ndiyo, ni ukoo mmoja na ukungu wa penisilini. Lakini griseofulvini haiui bakteria, na miaka ile ya vita dunia nzima ilikuwa inatafuta wa kuua bakteria. Ikawekwa pembeni. Mwaka 1946 kundi jingine la Waingereza, likiongozwa na Brian, lilikuwa linachunguza kwa nini misonobari inadumaa kwenye udongo wa Wareham, huko Dorset. Wakakuta ukungu wa jamii ya Penicillium unatoa kitu kinachofanya nyuzi za fangasi wengine zijikunje kama nywele zilizopitishwa kwenye moto. Wakakiita kikunjaji. Haikuchukua muda ikajulikana kuwa kikunjaji hicho ndiyo ile ile griseofulvini ya 1939.

Kwa miaka kadhaa ilionekana ni dawa ya mimea. Kisha mwaka 1958 Gentles, aliyekuwa Glasgow, akawalisha simbilisi wenye choa. Wakapona. Mwaka uliofuata dawa ilikuwa tayari inatumika kwa binadamu.

Ili kujua hiyo ilimaanisha nini, kumbuka kilichokuwepo kabla yake. Watoto wenye mapunye walikuwa wakipigwa eksirei kichwani makusudi ili nywele zote zidondoke na fangasi aondoke nazo. Miaka mingi baadaye watoto hao walionekana kupata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo kuliko wenzao. Kidonge kilichotoka kwa ukungu ndicho kilichoizima mashine ile.

*Inafika?* Inafika, tena kwa namna ya ajabu. Ukiimeza, inapita damuni na kujipachika kwenye chembe changa zinazotengeneza keratini. Kwa hiyo unywele mpya unapochipuka kutoka chini unatoka tayari umelowa dawa. Fangasi hana pa kula. Hata hivyo hafi moja kwa moja: dawa inashika tubulini, ile mirija inayovuta vinasaba kila upande seli inapogawanyika, na fangasi anabaki amekwama bila kuzaana. Anayemfukuza hasa ni unywele unaokua na kumsukuma nje, halafu kinyozi anamalizia.

*Inamweza nani?* Makundi yote mawili, na kwa Microsporum ndiyo yenye sifa zaidi. Haiwezi kitu kwa Kandida, yule wa utando mweupe mdomoni kwa vichanga, wala kwa madoa meupe ya kifuani na mgongoni ambayo watu wengi pia huyaita fangasi. Ni dawa ya choa na mapunye tu.

*Siku ngapi?* Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi, na dawa inasubiri mwendo huo huo. Ni wiki 6 hadi 8, mara nyingine hadi 12. Vitabu vya zamani vilisema miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Miongozo mingi ya sasa imepanda hadi 15 au 20, mingine 25, kwa sababu kipimo kidogo kilikuwa kinashindwa. Chukua mtoto wa kilo 25 kwa kipimo cha 20: ni miligramu 500 kila siku. Kwa wiki 8 hiyo ni vidonge 56 vya miligramu 500, au 224 vile vidogo vya 125. Hesabu hiyo huwa naiandika kwenye bahasha ya dawa, maana mzazi anayeondoka na vidonge 14 akidhani ndiyo dozi nitamwona tena, na duara litakuwa limezaa.

Halafu chakula. Griseofulvini inapenda mafuta. Kwa chai ya rangi na tumbo tupu sehemu kubwa inapita na kutoka kama ilivyoingia. Mpe mtoto baada ya chakula chenye mafuta: uji wa karanga, maziwa yasiyoondolewa krimu, parachichi, samaki wa nazi, hata chapati. Kidonge kinapondwa kati ya vijiko viwili na kuchanganywa na siagi ya karanga. Watoto wengi hawagundui.

*Hatari?* Ina zaidi ya miaka 60 kazini, na bado iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kinachotokea sana ni kichwa kuuma siku za mwanzo, tumbo kuvurugika, na ngozi kuchomwa na jua kwa urahisi. Mjamzito haruhusiwi kabisa, na mwanamke anatakiwa asishike mimba mpaka mwezi mmoja baada ya dozi. Mwanaume anaambiwa asizalishe kwa miezi 6 baada ya kuimaliza. Inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Wenye ini bovu, wenye lupasi (ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe) na wenye pofiria (kasoro ya mwili kutengeneza rangi ya damu) waiache. Na pombe usiichanganye nayo.

Swali ninaloulizwa kila mara: "Mwanangu ana aleji ya penisilini, na hii si inatoka kwa Penicillium?" Ukoo wa ukungu ni mmoja, lakini dawa zenyewe hazifanani kimaumbile. Wenye aleji ya penisilini wamekwisha kuitumia griseofulvini bila shida. Mwambie tu daktari kabla, naye atamwangalia mtoto kwa karibu.

Terbinafini: ya wanakemia

Hii haikutoka kwa kiumbe yeyote. Mwaka 1974, katika maabara za kampuni ya dawa ya Sandoz jijini Vienna, wanakemia waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa waliangukia kemikali iliyoua fangasi, naftifini. Wakaichokonoa, wakabadilisha kipande hiki na kile, mpaka wakapata iliyoweza kumezwa. Hiyo ndiyo terbinafini. Ulaya iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Marekani mwaka 1996.

*Inafika?* Inafika kwenye keratini na kubaki humo kwa wiki kadhaa hata baada ya kidonge cha mwisho, ndiyo maana dozi yake ni fupi. Ina kasoro moja. Sehemu ya safari yake hupitia mafuta ya ngozi, na kichwa cha mtoto ambaye hajabalehe hakina mafuta mengi. Fangasi aliye ndani ya unywele inampata. Yule aliyeuvalia unywele kwa nje inamfikia kwa shida.

*Inamweza nani?* Trichophyton inawaua kweli, haiwakwamishi tu. Inazuia hatua moja ya kutengeneza ergosteroli, ambayo kwa fangasi ni kama saruji ya utando unaoizunguka seli. Ergosteroli inakosekana, na skwalini, mali ghafi yake iliyokwama njiani, inarundikana mpaka inakuwa sumu kwake mwenyewe. Dawa hizi mbili zilipolinganishwa kwa watoto, terbinafini iliongoza kwa Trichophyton tonsurans na griseofulvini ikaongoza kwa Microsporum canis. Kwa hiyo yule aliyekwambia "griseofulvini ni ya kizamani, chukua hii mpya" alikuwa sahihi nusu. Nusu nyingine inategemea kama nyumbani kuna paka.

Na kuna wingu. Miaka ya karibuni India imekuwa na fangasi wa choa, Trichophyton indotineae, ambaye mara nyingi terbinafini haimtishi. Amekwisha kuvuka mipaka na kuonekana nchi nyingi. Huyu hupenda zaidi mwili, mapaja na makalio kuliko kichwa. Lakini ukiwa umekaa Ghuba au India, ukarudi na choa kilichotapakaa na kisichosikia dawa, mweleze daktari umetoka wapi.

*Siku ngapi?* Wiki 4 kwa Trichophyton, wakati mwingine pungufu. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 62.5 kwa mtoto wa kilo 10 hadi 20, miligramu 125 kwa wa kilo 20 hadi 40, na 250 akizidi hapo. Yule yule wetu wa kilo 25 atameza nusu kidonge cha 250 kila siku. Siku 28, vidonge 14. Weka pembeni ya vile 56 uone. Kidonge kimoja cha terbinafini mara nyingi ni ghali kuliko kimoja cha griseofulvini, na mteja anaposikia bei ya kimoja huchagua haraka. Muulize muuzaji bei ya dozi nzima ya kila upande. Mara kadhaa nimeona hesabu ikigeuka mbele ya kaunta, na mara kadhaa imebaki pale pale.

Chakula hakiisumbui sana. Apewe asubuhi au jioni, mradi saa iwe ile ile.

*Hatari?* Ini ndilo la kuangalia. Ni nadra kudhurika, lakini ikitokea ni jambo kubwa, kwa hiyo madaktari wengi hupima damu kabla ya kuanza, na mwenye ugonjwa wa ini haanzishwi. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa kama chai kavu, acha dawa siku hiyo hiyo na uende hospitali. Jingine la kushangaza ni ladha: wachache huamka siku moja wali hauna ladha, na hali hiyo huweza kukaa wiki kadhaa. Kwa mtoto hutaambiwa "sina ladha", utaona tu anasukuma sahani.

Dawa za kupaka na shampuu

Hapa nitakuwa mfupi, maana jibu la swali la kwanza linamaliza mengi. Krimu haishuki kwenye kishimo cha unywele kwa kiasi cha kutosha. Ukipaka, magamba yanapungua, ngozi inang'aa, mzazi anafurahi, na fangasi aliye chini anaendelea na shughuli zake. Peke yake haiponyi mapunye ya kichwani.

Lakini zina kazi mbili za maana. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 au ya seleniamu salfaidi, mara 2 kwa wiki, povu likae dakika 5 kabla ya kusuuza, inapunguza mbegu zinazodondoka. Hapo mtoto anayemeza dawa hawaambukizi wenzake ovyo, na ndugu zake wanaolala naye kitanda kimoja nao waoshwe hivyo hivyo hata kama vichwa vyao ni safi. Kazi ya pili ni choa cha mwilini. Duara moja mkononi au shavuni, pasipo nywele nyingi, halihitaji kidonge. Krimu ya klotrimazoli, ya terbinafini, au ule mchanganyiko wa zamani wa Whitfield wenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3, unatosha ukipaka mpaka wiki moja hadi mbili baada ya duara kupotea. Whitfield inawasha kidogo, na usoni kwa mtoto siipendi.

Ninachokiogopa ni zile krimu za "tatu kwa moja" zenye steroidi kali ndani yake, dada zake wale wanaotumika kwenye mkorogo. Kuwasha kunaisha siku ya pili na mtu anasifia. Steroidi imeulaza mwili usipigane, fangasi anatanuka kimya kimya, na mwezi ukiisha choa hakifanani tena na choa, hata daktari anababaika kukitambua.

Zinazochanganywa nazo

Nistatini si ya ukungu, ni ya bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces. Ni nzuri kwa Kandida mdomoni, lakini kwa mapunye ni maji tu.

Ukungu umetupa pia dawa nzito za wodini. Kaspofungini ilianzia kwa fangasi Glarea lozoyensis, aliyepatikana bonde la mto Lozoya karibu na Madrid, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001. Anidulafungini chimbuko lake ni Aspergillus. Zinavunja ukuta wa seli ya fangasi, kitu ambacho mwili wa binadamu hauna, ndiyo maana zinavumilika vizuri. Hutolewa kwa dripu kwa mgonjwa ambaye Kandida ameingia damuni. Mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha ibreksafungapi, ya kumeza, ambayo nayo asili yake ni kemikali ya fangasi, kwa Kandida wa ukeni. Hakuna hata moja kati ya hizo ya kumpa mtoto mwenye mapunye. Nazitaja kwa sababu ukungu una mengi bado, na kwa sababu kuna aliyewahi kuniuliza: kama dawa inatoka kwa ukungu, mkate ulioota si upakwe kichwani?

Hapana. Ukungu unaouona kwenye mkate au mahindi hujui ni wa aina gani. Aspergillus flavus wa kwenye mahindi na karanga anatoa sumukuvu, ile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, na ikaua tena Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kiwandani wanachukua aina moja inayojulikana, wanaichuja mpaka inabaki kemikali moja, na kuipima kwa miligramu.

Kwa hali yako

Mtoto ana vidoti vyeusi, nyumbani hakuna paka wala mbwa, na darasani wenzake wana mapunye pia: uwezekano mkubwa ni Trichophyton. Dawa zote mbili zinafaa. Kama mtoto ni mgumu wa kumeza, au unajijua kwamba wiki 8 hutazimaliza, terbinafini ina nafasi nzuri zaidi. Kama damu haijapimwa na kituo chenu kina griseofulvini tu, usisubiri. Anza hiyo hiyo, kwa uzito sahihi na chakula cha mafuta.

Duara ni la kijivu, nywele zimekatika juu kidogo ya ngozi, na kuna paka anayelala na watoto: mwombe daktari afikirie griseofulvini. Na paka apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo, la sivyo utatibu mtoto mmoja mwaka mzima.

Kichwa kimevimba, kinabonyea kama embe lililoiva, usaha unatoka: wengi hudhani ni jipu. Nimewahi kumwona mtoto aliyepasuliwa mahali fulani, kidonda kikaacha kovu pasipoota nywele hadi leo. Uvimbe wa namna hii ni mwili unaopigana na fangasi. Haupasuliwi, hutibiwa kwa dawa ya kumeza, na aende hospitali siku hiyo hiyo maana kovu halisubiri.

Mtoto yuko chini ya miaka 2 au chini ya kilo 10: usikate kidonge nyumbani kwa kukisia. Huyo ni wa daktari.

Mama mjamzito ameambukizwa na mwanawe: griseofulvini iondoe kwenye mawazo. Kama ni duara la mwilini, apakwe. Kama ni kichwani, daktari aamue kama linaweza kusubiri.

Msichana aliyebalehe au mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango: aseme. Akipewa griseofulvini aongeze kinga nyingine kwa muda wote wa dozi na mwezi mmoja mbele.

Mtu mzima mwenye kucha nene za njano: hapo terbinafini inaongoza wazi, wiki 6 kwa vidole vya mikono na 12 kwa vya miguu. Griseofulvini kwa kucha za miguu inaweza kuchukua mwaka na bado ikashindwa. Kwanza kucha ipimwe, maana si kila kucha mbovu ina fangasi.

Mtoto ameanza dawa, siku ya tano vipele vidogo vimemtoka masikioni na shingoni: usikimbilie kuitupa dawa. Mara nyingi ni mwili unaojibu kufa kwa fangasi, nayo hupita. Akiwa anahema kwa shida, amevimba midomo, au ngozi inababuka, hiyo ni aleji na ni dharura. Ukiwa huna uhakika, rudi kwa aliyekuandikia dawa.

Shuleni anaweza kwenda mara tu dozi ikianza. Kofia, kitana na mto viwe vyake peke yake, na kinyozi aombwe kusafisha mashine kwa spiriti mbele yako, wala usione haya.

Yule mama wa Jumamosi nilimpima mwanawe kwenye mzani, kilo 25 kasoro kidogo, nikamuuliza kama wanafuga paka. Akacheka. "Paka na mapunye, dokta, wapi na wapi?" Mtoto, kichwa bado chini ya taa, akasema: "Wa kwa bibi ana upara hapa," akagusa sikio lake la kushoto. Nikaandika kwenye karatasi uzito, mwezi yalipoanza, na neno "paka", nikalipigia mstari, nikamwambia ampe daktari wa zahanati kabla hajamwonyesha kichwa.